Mtandao Usio na Bosi Unahitaji Wenyewe

Hii ni mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Kidatu. Naiweka hapa kwa ajili ya makamanda ambao hawakuweza kufika. Nimenyoosha sentensi chache tu, na mwishoni nimeongeza majibu ya maswali mawili yaliyoulizwa ukumbini.

Makamanda, habari za mchana. Shikamooni wazee wetu mliokaa hapo mbele. Mmetuheshimisha sana kuja kuwasikiliza vijana wakiongelea intaneti.

Nilipopigiwa simu nije, niliambiwa niandae mada kuhusu teknolojia ya kukwepa kuzimwa. Yaani nije na orodha ya programu, niwatajie, mpakue, tumalize, twende tukanywe soda. Programu nitazitaja, msiwe na wasiwasi. Ila kuna jambo moja nataka mtoke nalo hapa hata kama mengine yote mtayasahau: mtandao ambao hauna bosi mmoja wa kuuzima haupatikani kwa kupakua kitu. Unapatikana kwa watu kukaa, kukubaliana, kuchangishana na kusimamiana. Teknolojia ipo, na nyingi ni ya bure. Kinachokosekana ni sisi wenyewe kujipanga.

Tulivyozoea kujibu

Hebu tukumbushane. Oktoba 2020, siku za uchaguzi, Twitter na WhatsApp zilibanwa. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wajieleze. Mei 2025 mtandao wa X ukafungiwa. Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishiwa leseni kwa siku 90. Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikakatwa nchi nzima na haikurudi mpaka mwanzoni mwa Novemba.

Mara zote hizo swali letu vijana lilikuwa lilelile: "Nani ana VPN nzuri?" Kwa X, VPN ilisaidia. Kwa Oktoba 29 haikusaidia, na si kwa sababu ulikuwa na VPN mbovu. VPN ni njia ya kulizunguka geti. Barabara yenyewe ikiondolewa, hakuna geti la kuzunguka.

Siku zile tuligundua kitu cha kutisha kidogo. Uenezi wetu wote, vikao vyetu, orodha zetu za mawakala, picha, kumbukumbu, salamu za "umefika salama?", vyote vilikuwa vinapita kwenye kampuni chache, zote zinategemea mlango ambao mtu mwingine ana funguo zake. Hapa Kidatu tunapaswa kulielewa hili kuliko watu wote. Pale chini ya mlima kuna mitambo minne yenye uwezo wa megawati 204. Ilianza kuwasha taa za nchi hii tangu 1975. Je, kuna mtu hapa ukumbini ambaye umeme ukikatika kwake anaweza kutembea mpaka pale na kusema, "Jamani, niwashieni"? Kukaa jirani na mtambo hakukupi mamlaka juu ya swichi. Na kuwa na simu mkononi hakukupi mamlaka juu ya mtandao.

Mtandao usio na kitovu kimoja ni nini hasa

Tuna mfano hapahapa kwetu. Reli ya TAZARA inapita Kidatu. Na tawi la Reli ya Kati linatoka Kilosa linakuja kuishia Kidatu. Reli hizi mbili hazifanani. Upana wa Reli ya Kati ni milimita 1,000, wa TAZARA ni milimita 1,067. Milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja kimoja, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule. Kwa hiyo ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo: inashushwa kwenye behewa la reli moja, inapakiwa kwenye behewa la reli nyingine, safari inaendelea.

Intaneti ilivyobuniwa ni hivyo. Ni mitandao mingi, kila mmoja na mwenyewe, iliyokubaliana namna ya kukabidhiana mzigo. Barua pepe mpaka leo iko hivyo. Wewe una anwani ya Gmail, mwenzako ana anwani ya chuo, mnaandikiana, hakuna anayewauliza kampuni gani. Ila jaribu kutoka WhatsApp kumtumia ujumbe mtu aliye Telegram. Haiendi. Si kwamba haiwezekani kiufundi. Ni kwamba wenye reli hawajataka kujenga kituo cha kuhamishia mizigo.

Na wakitaka, inawezekana. Wakubwa mnakumbuka zamani pesa ya Tigo ilikuwa haiingii moja kwa moja kwenye akaunti ya M-Pesa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana, Vodacom wakaungana nao 2016. Minara ilikuwa ileile, simu zilezile. Kilichobadilika ni makubaliano.

Kwa hiyo tunaposema mradi usio na kitovu kimoja, tunazungumzia vitu viwili. Cha kwanza ni mitandao ya wananchi: watu wa kijiji au mtaa wananunua antena na ruta, wanajiunganisha wenyewe kwa wenyewe, na wakipata njia wanaungana na intaneti ya dunia. Cha pili ni huduma za mtandaoni zinazoendeshwa na seva nyingi zenye wenyewe tofauti, kama Mastodon iliyoanzishwa 2016, ambapo kila kundi linaendesha seva yake na seva zinaongea.

Inasikika vizuri, si ndiyo? Hakuna bosi. Lakini subirini.

Kugatua bila jumuiya ni jina tu

Mwaka 1972 nchi hii ilitangaza sera iliyoitwa Madaraka Mikoani. Jina tamu. Lengo lililotajwa lilikuwa kupeleka madaraka kwa wananchi. Kilichotokea ni kwamba halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na nafasi yake wakaja maofisa waliotumwa kutoka serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Ilibidi kusubiri mpaka miaka ya 1980 ndipo serikali za mitaa na ushirika virudi. Wazee hapa wameyaona haya, mimi nimeyasoma. Somo ninalolichukua ni hili: unaweza kusambaza ofisi nchi nzima, lakini kama watu wa chini hawana chombo chao cha kuamua, umesambaza makarani tu. Madaraka yamebaki palepale.

Kwenye intaneti ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa 2022, Elon Musk aliponunua Twitter, watu wengi walihamia Mastodon wakisema huku hakuna tajiri wa kutuamulia. Seva moja iliyoitwa mastodon.lol ilijaza maelfu ya watu. Mwanzoni mwa 2023 msimamizi wake akatangaza kwamba anaifunga. Amechoka: ugomvi, matusi, malalamiko, yote yalikuwa yanamwangukia yeye. Hakukuwa na kamati, hakukuwa na wa kumpokea kijiti. Watumiaji wakaambiwa watafute pa kwenda. Hakuna serikali iliyoifunga seva ile. Imefungwa na uchovu wa mtu mmoja.

Mfano mwingine unanitia hofu zaidi. Kuna kiprogramu kidogo kinaitwa xz, kazi yake ni kubana mafaili. Watu wengi hawajawahi kukisikia, lakini kipo ndani ya seva nyingi sana duniani. Kwa miaka mingi kilikuwa kinatunzwa na mtu mmoja wa kujitolea, na alikuwa amechoka. Akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan. Mpole, mchapakazi, anasaidia. Kwa zaidi ya miaka miwili alijenga imani mpaka akakabidhiwa funguo. Mwaka 2024 akaingiza mlango wa siri ndani ya kiprogramu hicho. Uligunduliwa Machi mwaka huo na mhandisi aitwaye Andres Freund, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde!

Sisi wa upinzani tuna neno la mtu kama Jia Tan. Tunamwita mamluki. Na tunajua mamluki haingii kwenye tawi lenye watu hai, wanaokutana, wanaohesabiana. Anaingia pale ambapo katibu amebaki peke yake, amechoka, na anamshukuru yeyote anayesema "nipe nikusaidie."

Sasa tujitazame. Grupu letu la tawi lina admini wangapi? Admini huyo akipoteza simu leo, nani mwingine ana namba za wanachama? Nani aliamua kwamba yeye ndiye wa kumtoa mtu kwenye grupu? Tunadai ukomo wa madaraka kwa viongozi wa nchi, halafu tuna admini wa maisha. Simsemi mtu, nasema muundo.

Walioweza walianza na nini

Nisiwakatishe tamaa. Wapo walioweza, na wengine hawako mbali.

Kondoa, mkoani Dodoma, kuna mtandao wa wananchi ulioanzishwa na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakiongozwa na Jabhera Matogoro, kwa kushirikiana na taasisi ya Internet Society. Walitumia masafa yanayobaki matupu kati ya chaneli za televisheni. Masafa hayo yanafika mbali na yanapenya kwenye miti na vilima kuliko Wi-Fi ya kawaida. Walianza na shule, na walifundisha wenyeji kutunza vifaa, maana fundi wa kutoka mjini nauli yake peke yake inaweza kuua mradi.

Kibera, Nairobi, kuna TunapandaNET. Wao waliunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena juu ya mapaa, wakaweka masomo kwenye seva iliyopo mtaani. Mwanafunzi anasoma bila kununua bando, kwa sababu masomo hayatoki Marekani, yanatoka nyumba ya tatu.

Kongo, kwenye kisiwa cha Idjwi katikati ya Ziwa Kivu, kuna mtandao ulioitwa Pamoja Net, uliovuta mawimbi kuvuka maji kutoka ng'ambo. Afrika Kusini, kijiji cha Mankosi, wanakijiji walisajili ushirika 2014 wakauita Zenzeleni, maana yake "fanyeni wenyewe." Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Kijiji hakikuwa na umeme, kwa hiyo mitambo iliendeshwa kwa sola. Wakaona sola inabaki. Wakaanza kuchaji simu za watu kwa bei nafuu, na hela ya chaji ikawa ndiyo hela ya mwanzo ya ushirika. Kabla ya antena kupanda, kulikuwa na mikutano na wazee wa kijiji: ikae nyumba ya nani, ufunguo ashike nani, hela ihesabiwe lini.

Na Hispania, jimbo la Catalonia, kuna guifi.net. Ulianza 2004 kwenye vijiji ambavyo kampuni hazikuona faida ya kuvifikia. Leo una nodi zaidi ya 30,000. Kanuni yake ni rahisi: ukijiunga, unapitishiwa mzigo wako na wenzako, na wewe unapitisha wa wenzako. Kampuni inaruhusiwa kufanya biashara juu yake, hairuhusiwi kufunga njia.

Kumbukeni jambo moja kuhusu hawa wote. Hakuna aliyeanza kwa kujiandaa na siku ya kuzimwa. Wengine walianza na chaji ya simu, wengine na masomo ya shule. Mtandao unaotumika kila siku unakuwa na watu wa kuutunza. Unaosubiri siku ya dharura, siku hiyo ikifika utakuta betri imekufa na aliyekuwa anajua nywila amehamia Mbeya.

Ibara ya 18 na Ibara ya 20

Niruhusuni dakika chache za sheria, maana ndiyo ninayoisomea.

Tukizungumzia haki ya intaneti, wote tunakimbilia Ibara ya 18 ya Katiba, na tuko sahihi. Inalinda uhuru wa maoni, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Ndiyo, Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka, na hapo ndipo ubishi wa mahakamani unapoanzia.

Lakini tunaisahau Ibara ya 20, ya uhuru wa kukutana na kushirikiana na wengine na kuunda vyama. Kwangu mimi, mtandao usio na kitovu kimoja unasimama juu ya Ibara ya 20 kabla ya kufika ya 18. Ibara ya 18 inalinda ujumbe. Ibara ya 20 inalinda watu wanaoubeba. Ukiwa na ya 18 peke yake, wewe ni mteja unayelalamika kwamba huduma imekatwa. Ukiwa na ya 20, wewe ni mwanachama wa chombo kinachotoa huduma.

Sasa sheria za chini zinasemaje? Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inagawa leseni katika makundi manne: miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi, na maudhui. Kwa lugha ya mtaani: usinunue antena kesho, ukaipandisha kwenye mwembe, ukaanza kuuzia majirani intaneti. Utaingia matatizoni, na utatuharibia hoja.

Kenya, mwaka 2021, mamlaka yao ya mawasiliano iliweka leseni maalumu kwa ajili ya mitandao ya wananchi. Walikubali kwamba kijiji si kampuni ya simu, na kisipimwe kwa mzani wa kampuni ya simu. Mimi nadhani hili liwe dai letu rasmi la vijana: kundi la leseni kwa mitandao ya wananchi liandikwe ndani ya sheria yenyewe, si kwa hisani ya ofisa, na ada yake ilingane na mfuko wa kijiji. Na tuna hoja nzuri, kwa sababu nchi yetu imeshakubali kanuni hiyo kwenye jambo lingine. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Wanakijiji wanaaminiwa kusimamia pampu, kukusanya fedha na kukarabati mabomba. Basi waaminiwe na antena.

Tuanzie wapi hapa Kidatu

Napendekeza mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Moja, maktaba isiyohitaji bando. Ruta moja, kompyuta ndogo moja, na programu ya bure inayoitwa Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima ya Kiswahili bila intaneti. Ongeza mitihani ya zamani, Katiba, sheria za ardhi, maelekezo ya kilimo cha miwa na mpunga. Ibaki ndani ya ukumbi mmoja, isiuzwe. Wanafunzi watakuja, na wakija tutakuwa tumeanza kuwa na jumuiya.

Mbili, watu kabla ya vifaa. Kila kifaa kiwe na watu watatu wanaojua kukiwasha, kukitengeneza na nywila yake. Watatu, wa nyumba tofauti, na angalau mmoja awe dada. Nasema hivyo kwa sababu kila nikienda kwenye mambo ya kompyuta nakuta kaka zangu wameshika mashine na sisi tumeshika sahani.

Tatu, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye wazazi kwenye AMCOS za miwa au VICOBA mnajua: chama hakifi siku hela ikiibwa, kinakufa siku watu wanapoacha kuuliza. Hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwezi, hata kama ni elfu kumi.

Nne, kanuni za kuishi pamoja ziandikwe mapema, ukurasa mmoja tu. Nani anaweza kutolewa, kwa kosa gani, nani anasikiliza rufaa yake, na msimamizi anakaa muda gani kabla ya kumpisha mwingine. Kwenye kanuni hizo tuweke na ulinzi wa taarifa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na nje ya sheria tuna akili ya kawaida: taarifa ya mtu usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa kwako. Hakuna sababu ya tawi kutunza picha za vitambulisho vya watu kwenye simu ya katibu.

Tano, na hili najua litawaudhi baadhi. Mtandao huu usiwe wa chama.

Naona nyuso zimekunjamana. Nisikilizeni. Tukiupaka rangi za chama, tumeurudishia kitovu, ila sasa kitovu ni sisi. Siku tukikamatwa viongozi watatu, umekwisha. Siku tukigombana wenyewe kwa wenyewe, umekwisha pia, na tunajijua. Mtandao wa wananchi una nguvu pale ambapo nesi wa zahanati anautumia, mwalimu anautumia, shehe na padri wanautumia, na jirani yako wa CCM ambaye mtoto wake anasoma kidato cha nne anautumia. Huyo jirani ndiye atakayeuliza kwa sauti siku ukizimwa. Sisi tukiuliza tunaitwa wachochezi. Yeye akiuliza anaitwa mzazi.

Kazi yetu sisi ni kuwa wa kwanza kufagia ukumbi na wa mwisho kuondoka. Watu wa Kidatu wataona nani alifanya kazi. Hatuhitaji kuandika jina ukutani.

Asanteni kwa kunisikiliza.

Maswali mawili

Kamanda mmoja aliuliza: "Dada, wakikata intaneti nchi nzima tena, si na mtandao wetu wa kijiji utakufa?" Jibu: njia ya kwenda nje itakufa, ndiyo. Huwezi kufungua YouTube. Lakini kilichopo ndani kitabaki hai, kama mwanafunzi wa Kibera anavyoweza kusoma kutoka kwenye seva ya mtaani. Maktaba, matangazo ya zahanati, ujumbe kati ya watu waliounganishwa, vyote vinaweza kuendelea. Kwa wanaotaka programu, ipo Briar, inayoweza kupeleka ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti. Ila inafanya kazi kama aliye karibu nawe anayo na mmeshaunganishana, kwa hiyo tunarudi kulekule kwenye watu. Na msiamini kila programu inayosifiwa. Bridgefy ilitumika sana kwenye maandamano ya Hong Kong 2019, halafu mwaka uliofuata watafiti wakaonesha kwamba ilikuwa na matundu makubwa ya usalama.

Mzee mmoja aliuliza: "Mwanangu, hayo ya mamluki mtayazuiaje kama mnamkaribisha kila mtu?" Shikamoo mzee, swali lako nimelibeba mpaka chuoni. Nadhani jibu ni kutofautisha kukaribishwa na kukabidhiwa. Mlango wa kutumia uwe wazi kwa kila mtu. Mlango wa funguo uwe na watu watatu, wanaochaguliwa kwa muda maalumu, wanaotoa taarifa mbele ya wote, na hakuna jambo kubwa linalofanywa na mmoja peke yake. Yule Jia Tan hakuvunja mlango wowote. Alikabidhiwa funguo na mtu aliyekuwa hana mwenzake. Kwa hiyo ulinzi wetu wa kwanza ni kutomwacha mwenzetu yeyote abebe kazi peke yake mpaka achoke.

Walio tayari kuanza na maktaba, majina matano yameshaandikwa siku ileile, mawili ya kina dada. Tunahitaji ruta moja iliyotumika, kompyuta ndogo, na mtu mwenye chumba chenye umeme wa uhakika. Ongeeni na katibu wa vijana wa tawi.